Panya Ndani ya Gari Lililoegeshwa: Dalili, Vyanzo na Namna ya Kuwaondoa

Magari mengi ya Mtwara na Lindi hufanya kazi kwa misimu. Fuso lililobeba korosho kuanzia Oktoba hadi Januari huweza kusimama mpaka ufuta uanze kuuzwa. Trekta hupumzika kazi ya kulima ikiisha. Gari la mtu aliyeko Dar es Salaam hubaki uani kwa wazazi wake Masasi au Nachingwea. Na lile lililokosa kipuri huwekwa juu ya mawe, likingoja siku isiyojulikana. Jirani na magari hayo mara nyingi kuna stoo ya mahindi, magunia ya karanga na mbaazi, au makopa yaliyoanikwa. Panya hahitaji zaidi ya hapo, kwa kuwa hatua chache kutoka kwenye chakula anapata chumba kikavu, chenye giza, kisichotikiswa na mtu.

Mwongozo huu unafuata dalili ambazo dereva huziona, kisha unaeleza chanzo cha kila dalili na hatua inayofaa. Jambo linalosisitizwa tangu mwanzo ni kwamba uharibifu usitengenezwe kabla ya kuhakikisha kuwa panya ameondoka na kilichomleta kimeondolewa, kwa sababu mmiliki anayekimbilia kubadilisha nyaya huwa amewanunulia panya nyaya mpya za kutafuna.

Usiwashe kwanza

Gari likiwa limekaa bila kutumika kwa wiki mbili au zaidi, fungua boneti kabla ya kuzungusha ufunguo. Kiota cha nyasi kavu, sponji na vipande vya magunia kikiwa kimekaa juu ya bomba la moshi kinaweza kushika moto muda mfupi baada ya injini kupata joto. Waya uliovuliwa ganda lake unaweza kugusa bodi na kuunguza fyuzi, au kuunguza zaidi ya fyuzi. Mpira wa mafuta uliotobolewa nao hauonekani mpaka pampu ianze kusukuma, na hapo mafuta yanakuwa yameshamwagika juu ya injini.

Tumia tochi hata kama ni mchana, na usipeleke mkono mahali ambapo jicho halijafika, kwa sababu nyoka huwafuata panya hadi ndani ya boneti. Tenganisha kichwa cha hasi cha betri. Kisha vaa glovu na barakoa, na hapa si suala la usafi tu. Mwezi Julai 2022 Wizara ya Afya ilithibitisha kuwa ugonjwa uliokuwa umezuka wilayani Ruangwa na kuua watu watatu ulikuwa homa ya mgunda, yaani leptospirosisi. Vimelea vyake hutoka katika mkojo wa panya na wanyama wengine, na humwingia mtu kupitia michubuko ya ngozi, macho, pua au mdomo. Kwa hiyo kiota kisifagiliwe kikavu wala kisipulizwe kwa upepo wa kompresa, kama inavyofanyika katika gereji nyingi. Kilowanishe kwa maji yaliyochanganywa na Jik, sehemu moja ya dawa kwa sehemu tisa za maji, subiri dakika kadhaa, kisha kiokote na kukitia ndani ya mfuko wa kufungwa. Kwenye viungio vya umeme tumia kitambaa chenye sabuni badala ya Jik, ambayo hula madini. Mtu akipata homa siku chache baada ya kazi hiyo, amwambie daktari kuwa alishika kiota cha panya.

Je, bado yumo?

Kinyesi huanza kutoa jibu. Cha panya mdogo wa nyumbani kina urefu wa milimita 3 hadi 6, na cha panya wa darini hukaribia milimita 12, kikiwa kimechongoka ncha zote mbili. Kikiwa laini na cheusi kinachong'aa ni kipya. Kikivunjikavunjika na kuwa unga kwa kuguswa na kijiti, kimekaa muda mrefu. Kazi inayofanyika mchana, pamoja na kokwa na mbegu za matunda ya mwituni, huelekeza zaidi kwa kindi. Panya buku, yule anayefunzwa katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, ni mhifadhi hodari wa chakula na hukibeba katika mifuko ya mashavu yake, lakini akiba yake huipeleka zaidi kwenye mashimo yake ya ardhini. Akiingia nyuma ya pikapu yenye mahindi, mara nyingi amefuata mzigo wala hatafuti makao.

Akiba yenyewe inasema mengi kuliko kinyesi, na inafaa kuisoma kabla ya kuitupa. Punje za mahindi zilizo na vipande vya gunzi zimetoka kwenye stoo ambayo mahindi hayajapukuchuliwa. Mbaazi safi zisizo na maganda zimetoka kwenye gunia, nalo bila shaka lina tundu. Vipande vya makopa huonyesha kuwa njia ya panya inapita uchanjani. Ukijua chakula kimetoka wapi unajua pia upande ambao panya anauingilia, na huko ndiko mtego utakakowekwa.

Korosho ghafi zinahitaji uangalifu wa pekee. Kuziona chini ya kiti au kando ya injini ya gari lililobeba korosho hakuthibitishi kwamba kuna panya, kwa kuwa nyingi huwa zimedondoka tu kutoka kwenye magunia. Tafuta alama za meno. Ziondoe zote hata kama hakuna alama, na kwa mikono yenye glovu, maana mafuta ya ganda lake huunguza ngozi na pia hushika moto kwa urahisi. Kila aliyewahi kubangua korosho kwa kuchoma anaujua moshi wake. Bomba la moshi lenye joto si mahali pa kuziacha.

Ukishasafisha, tandaza karatasi zilizonyunyiziwa majivu membamba juu ya injini, chini ya gari na kwenye sakafu ya ndani, kisha zitazame asubuhi. Usitumie unga, ambao kwake ni chakula. Karatasi zikikaa siku tatu mfululizo bila alama ya mguu, endelea na matengenezo. Alama zikionekana, rukia sehemu ya kuwatoa iliyo hapa chini na matengenezo yasubiri.

Injini haiwaki, au inawaka na kumisi

Hii ndiyo dalili inayowapeleka wengi gereji, na ndiyo inayowapotezea fedha nyingi, kwa kuwa fundi asiyeambiwa habari za panya huanza na plagi, kisha pampu, kisha nozeli, na gari hurudi nyumbani likiwa bado linamisi.

Anza na boksi la chujio la hewa, kwa sababu mara nyingi hufunguliwa kwa vibanio tu bila spana na ndilo chumba ambacho panya hukipenda kuliko vyote: ni kikavu, kina mlango mmoja mwembamba, na chujio lenyewe ni karatasi nzuri ya kutengenezea kiota. Likijaa karanga na maganda, injini hukosa hewa, hukosa nguvu na hutoa moshi mweusi. Kagua chujio dhidi ya mwanga wa jua. Likiwa limetobolewa usiliwashe gari hata kwa majaribio, kwa sababu mchanga na vipande vya maganda vitavutwa ndani ya silinda. Safisha kwanza bomba lote linaloelekea injini, kisha weka chujio jipya. Usisahau bomba la kuvutia hewa lililo nyuma ya grili, maana boksi linaweza kuwa safi huku akiba yote ikiwa imejazwa humo.

Hewa ikiwa inapita vizuri, hamia kwenye nyaya. Zifuate kutoka kwenye nozeli na sensa za juu ya injini hadi upande wa nyuma, karibu na ukuta unaotenganisha injini na chumba cha dereva, mahali ambapo kuna joto na hapafikiwi kwa urahisi. Panya hatafuni waya kwa sababu ya njaa: meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote, na ni lazima ayapunguze kwa kutafuna. Shaba iliyofunuliwa karibuni hung'aa, na ya zamani huwa nyeusi au ya kijani. Kipimo hicho kifuatwe kwa tahadhari Mikindani, Kilwa na maeneo mengine ya ufukweni, ambako hewa ya chumvi huigeuza shaba rangi mapema kuliko Newala au Liwale.

Kwa waya mmoja au mbili, fundi umeme akate mpaka afike kwenye shaba safi, aunge kipande cha unene uleule, alehemu, kisha afunike kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Kusokota na kuzungushia selotepu kunatosha kulifikisha gari mjini, si zaidi ya hapo. Nyaya nyingi zikiwa zimetafunwa mahali pamoja, ni nafuu kutafuta wayaringi nzima ya sehemu hiyo kutoka kwenye gari la aina ileile kuliko kuunga viungo ishirini ambavyo kila kimoja kitakuja kusumbua kwa wakati wake. Fyuzi iliyoungua ibadilishwe kwa fyuzi ya kiwango kilekile. Ile desturi ya kuziba kwa karatasi ya sigara huhamisha moto kutoka kwenye fyuzi kwenda kwenye waya ambao tayari umejeruhiwa.

Kwenye malori na pikapu za dizeli za zamani, zenye pampu isiyotegemea kompyuta, nyaya ni chache na utafutaji ni mfupi. Stata ikizunguka kwa nguvu bila injini kushika, kagua kwanza waya mmoja unaokwenda kwenye solenoidi ya kufungua mafuta juu ya pampu. Ukikatwa huo, pampu haipeleki mafuta. Baada ya hapo pitisha mkono juu ya mipira yote ya mafuta. Unyevu au harufu yoyote ya dizeli ni sababu ya kuubadilisha mpira mzima, wala usiufunge kwa ukanda wa baiskeli.

Injini inapanda joto

Tazama kati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi, ambako nyasi na manyoya huziba njia ya hewa pasipo kuonekana kutoka mbele. Kama njia ni safi, kagua nyaya za mota ya feni, kisha mipira ya maji, ukitafuta matobo madogo yaliyopangana mawili mawili.

Harufu na kelele ndani ya gari

Harufu ziko za namna tatu na kila moja ina mahali pake. Harufu kali ya mkojo inayotoka kiyoyozi kinapowashwa ina maana kwamba kiota kiko kwenye njia ya hewa, aghalabu juu ya chujio la ndani ambalo katika magari mengi ya Toyota hukaa nyuma ya kabati la dashibodi upande wa abiria. Lichomoe na ulitupe, halifai kuoshwa. Ikiwa bloa inapiga kelele kama ya punje zinazotikiswa ndani ya kopo, ujue karanga zimeingia kwenye feni yake, na mota nzima ishushwe, jambo ambalo fundi mzoefu hulifanya haraka. Tundu lililomwingiza panya huko kwa kawaida liko nje, chini ya kioo cha mbele penye waipa, ambako majani ya mkorosho au mwembe hujikusanya na kumfichia mlango.

Harufu ya mzoga ni ngumu zaidi kwa sababu husafiri na hewa na kumdanganya mtu. Fungua milango yote asubuhi kabla jua halijawa kali na uwafuate nzi. Inua kapeti, kagua chini ya viti, nafasi ya tairi la akiba na pembe za dashibodi. Manukato hayasaidii kitu. Huongeza harufu ya pili juu ya ile ya kwanza. Ukifika kwenye viunganishi vya rangi ya njano chini ya viti au ndani ya usukani, acha kazi hiyo kwa fundi, kwa sababu hizo ni nyaya za mifuko ya hewa ya usalama, na katika magari ya haibridi nyaya za rangi ya chungwa zina umeme mwingi unaoweza kuua.

Harufu ya tatu, ya kitu kinachoungua, haina uchunguzi wa barabarani. Zima gari, shuka, fungua boneti pole pole.

Breki, taa na honi

Taa ya ABS, yaani ya mfumo unaozuia tairi kujifunga unapokanyaga breki, ikiwaka baada ya gari kukaa, kagua waya mwembamba unaoelekea kila tairi. Jambo kubwa zaidi ni mipira ya breki yenyewe: ukiona alama ya meno juu ya mpira wowote wa breki, hata kama mafuta hayavuji, gari livutwe hadi gereji, lisiendeshwe hata mwendo mfupi. Taa, honi na indiketa zilizokufa kwa pamoja huonyesha waya wa pamoja au wa ardhi uliokatwa, na betri inayoisha kila usiku huonyesha waya uliochunwa unaogusa bodi.

Kuwatoa

Sumu haifai hapa, na sababu si moja. Sumu nyingi zinazouzwa hufanya kazi kwa kuzuia damu isigande, hivyo panya huendelea kutembea siku kadhaa kabla ya kufa, na mara nyingi hufia ndani ya dashibodi ileile uliyokuwa ukiilinda. Katika siku hizo anaweza kuliwa na paka au bundi, ambao ni wasaidizi wako. Tena huku kwetu panya wa porini ni kitoweo kinachoheshimika, na vijana huwachimbua mashambani. Aliyekula sumu kwako haandikwi usoni anapokamatwa upande wa pili wa shamba.

Mtego wa kubana unafanya kazi nzuri ukitegwa kwa akili. Uweke nje ya gari, ukutani na kwenye njia uliyoitambua kwa majivu na kwa aina ya akiba, kichwa cha mtego kikielekea ukuta. Panya wa darini huogopa kitu kigeni, kwa hiyo uache siku mbili tatu ukiwa na chambo bila kutegwa. Chambo kisiwe kile kinachojaa stoo: penye magunia ya karanga tumia dagaa wa kukaanga, na penye dagaa tumia karanga iliyosagwa. Kifunge kwa uzi ili asikinyakue. Gundi ndani ya injini ni balaa kwa fundi atakayefuata, na haipendekezwi.

Kiota kikiwa na watoto wasio na manyoya, mama atarudi usiku uleule, na hapo ndipo mtego unapofaa kuliko wakati mwingine wowote. Kwa kuwa mimba ya panya huchukua takriban wiki tatu tu, ukaguzi wa mara moja hautoshi. Rudia kila wiki mbili mpaka pawe patulivu.

Naftalini na pilipili ya unga huondoka kwa upepo na mvua, na mvuke wa naftalini ndani ya chumba kilichofungwa unamdhuru mtu. Vile vifaa vya kupiga sauti isiyosikika na binadamu, sijaona sababu ya kuvigharamia wakati kusogeza gari hakuna gharama.

Kilichomleta

Sogeza gari mbali na stoo na mbali na matawi yanayogusa paa lake. Weka magunia juu ya chanja badala ya sakafu, na fyeka nyasi kulizunguka gari kwa upana wa hatua tano hivi, hasa baada ya mavuno, wakati mashamba yanaposafishwa na panya wa shamba wanapokosa maficho na kusogea kwenye makazi. Turubai linalofunika gari hadi chini halimzuii panya, bali linamwongezea giza. Likihitajika kwa ajili ya jua, liishie juu ya matairi. Mawe nayo ni ngazi tu kwake. Kama ua una ulinzi na hakuna mvua, boneti iliyoachwa wazi usiku humnyima panya ile giza anayoitaka, na kuliendesha gari robo saa kila wiki, baada ya kulikagua, huharibu utulivu wake. Wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6 unaweza kufungwa kwenye tundu la hewa chini ya kioo cha mbele. Njia ya hewa ya injini isizibwe kwa kitambaa wala sponji.

Malori yanayongoja siku kadhaa kushusha korosho ghalani yana hatari ya aina yake, kwa sababu utingo na dereva hula na kulala humo, na panya wa ghala hupanda na kusafiri na lori hadi kituo kinachofuata. Msimu ukiisha, bodi lote lioshwe, mbao za sakafu ziinuliwe, na mabaki ya chakula yaondolewe chini ya kitanda cha dereva kabla lori halijaegeshwa.

Trekta, bajaji na pikipiki

Hapa nyaya ni chache na kasoro huonekana upesi. Trekta likirudishwa kazini mvua za Novemba au Desemba zinapokaribia, kagua bomba la moshi lililosimama wima, boksi la chujio la hewa, na sehemu ya chini ya kiti, kwa mpangilio huo. Bomba la moshi lizibwe kwa kopo mara tu trekta linapoegeshwa, na kopo lipakwe rangi nyekundu ili dereva asilisahau. Kwenye bajaji, panya hupenda nafasi iliyo chini ya kiti cha abiria karibu na injini, na kwenye pikipiki chini ya siti, ambako mara nyingi chujio la hewa na betri hukaa karibu karibu; bolti chache zikifunguliwa, yote yanaonekana.